Mteja wa Kwanza: Waandika Programu wa Mbeya na Iringa

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katazo hilo lilikuwa na chanzo chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Wizara ya Fedha ilijaribu kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta, na hesabu zikavurugika. Fedha za kigeni zilikuwa zimetumika, wataalamu wa mitambo hawakutosha, na nchi iliyokuwa imetangaza kujitegemea ikaona heri kufunga mlango kuliko kulipia kitu isichokimudu. Kuanzia hapo aliyetaka mashine hiyo ilimpasa aombe kibali maalumu. Kamba ilianza kulegezwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 ikafunguliwa.

Naanza na katazo hilo kwa sababu mimi ni mwalimu wa kompyuta. Nimefundisha Mbeya na nimefundisha Iringa, na mara nyingi nimeulizwa kwa nini Nyanda za Juu Kusini hazijatoa kampuni kubwa ya programu za simu. Wanaouliza huwa wameshawahukumu vijana: hawana bidii, hawana ubunifu, wanakata tamaa mapema. Mimi nimekaa na vijana hao. Najua walianzia wapi. Kizazi kilichopaswa kuwafundisha wazazi wao kilikua wakati mashine yenyewe haikuruhusiwa kuvuka bandari, na pengo la namna hiyo halizibwi kwa semina ya wiki moja.

Tangu simu zienee, vijana wetu wamepokea jukwaa baada ya jukwaa: Java kwenye simu za vitufe, menyu za nyota na reli, Android, kisha KaiOS. Kila jukwaa lilikuja na watu wa kulitangaza na ahadi ya kuwasaidia watengenezaji wadogo. Baadhi ya wanafunzi wangu wanaishi kwa kazi hiyo mpaka leo, wengi waliiacha. Nimewafuatilia wote kadiri nilivyoweza, na tofauti ninayoiona kati yao ni moja. Waliobaki walipata mapema mtu wa karibu aliyewalipa kwa kazi ya mikono yao.

Simu ilitangulia

Chuo cha Ufundi Mbeya kilianza mwaka 1986, upande wa Iyunga, kikiwa kimejengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Kilifundisha umeme, ujenzi na mitambo. Baadaye kikawa taasisi, na mwanzoni mwa miaka ya 2010 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho mjini kila mtu hukiita MUST. Baadhi ya mafundi simu niliowafahamu kwenye soko la Mwanjelwa walikuwa wamepitia chuo hicho. Walijifunza kusoma mchoro wa saketi, wakatoka wakakuta mji umejaa simu.

Vodacom ilianza kutoa huduma nchini mwaka 2000 na Celtel ikafuata mwaka 2001. Kwetu mawimbi yalifika kwanza mijini na kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Watu wa mabondeni walikuwa na vilima vyao vya kupandia ili wapate mtandao. Kompyuta wakati huo ilikuwa kitu cha ofisini au cha intaneti kafe, inalipiwa kwa saa. Simu ikaingia mfukoni mwa mkulima wa Igurusi na muuza nyanya wa Ilula kabla hawajawahi kugusa kibodi. Mtu asipoelewa hilo hataelewa historia ya programu katika mikoa yetu. Kwa wengi, kompyuta ya kwanza kumiliki ilikuwa Nokia.

Simu hizo zilikuwa na uwezo wa kubeba programu ndogo zilizoandikwa kwa Java. Baadhi ya Nokia za awali hazikupokea faili linalozidi kilobaiti 64, ambayo ni nafasi ndogo kuliko picha moja ya leo. Vijana walipakua michezo na programu kutoka tovuti ya Waptrick, na ambaye hakuwa na salio la intaneti alikwenda kwa fundi. Fundi alikuwa na kompyuta moja, kebo na Bluetooth. Kwa shilingi mia kadhaa alikuwekea nyimbo, milio, michezo na programu. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006 wafanyabiashara walihamia eneo la SIDO na kando ya barabara, na mafundi wakahama nao. Meza za mafundi hao ndizo zilizokuwa duka letu la programu, kabla Google haijafungua la kwake.

Mwanafunzi mmoja wa miaka ile aliandika kikokotoo cha riba kwa ajili ya vikundi vya kukopeshana. Unaingiza mkopo, miezi na riba, kinakupa rejesho la kila wiki. Kilikuwa cha Kiswahili, kidogo, na hakikuhitaji mtandao. Mafundi walikipenda, wakakisambaza toka simu hadi simu mpaka kikavuka Makambako. Kijana hakupata hata shilingi. Aliyelipwa ni fundi, kwa kazi ya kuweka, na hakukuwa na njia yoyote ya fedha kurudi kwa aliyeandika. Kijana yule leo anauza vifaa vya ujenzi. Namheshimu kwa biashara yake, lakini nimebaki na swali la programu nyingine ambazo angeziandika.

Iringa, mwaka 2007

Iringa ilichukua njia nyingine, na naona fahari kuieleza kwa sababu haijasimuliwa vya kutosha. Chuo cha Kilutheri kilichokuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tumaini, ambacho tangu 2013 kinaitwa Chuo Kikuu cha Iringa, kilianzisha mwaka 2007 shahada ya teknolojia ya habari iliyobuniwa kwa mazingira ya hapa hapa. Washirika wake walikuwa Chuo Kikuu cha Joensuu cha Finland. Msomi wa Kifini Matti Tedre alikuja kufundisha, na mwaka 2009 yeye, Nicholas Bangu na Seth Nyagava walichapisha makala iliyoeleza kwa nini mtaala wa kawaida wa nchi za Magharibi hautoshi Tanzania.

Hoja yao ilikuwa na miguu ardhini. Mtaala wa kigeni unadhani umeme upo saa zote, vipuri vinapatikana, intaneti ni rahisi, na mwanafunzi amekua na kompyuta nyumbani. Iringa hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa kweli. Umeme ulikatika bila taarifa. Vumbi la kiangazi liliingia kwenye mashine. Intaneti ya kupitia setilaiti ilikuwa ghali kiasi kwamba faili kubwa lilipakuliwa usiku. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huenda ndiyo kwanza anashika puku. Kwa hiyo somo lilianzia kwenye vitendo: kufungua mashine, kuunganisha mtandao, kutengeneza kilichoharibika, kisha kwenda kwa watu wa mjini na kuuliza wana tatizo gani.

Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Mwanafunzi akienda zahanati, shule au karakana kuuliza, anarudi na kazi yenye mwenyewe. Anajua jina la mtu atakayeitumia. Anajua mtu huyo anasoma kwa miwani, simu yake ina ufa kwenye kioo, na saa kumi na moja jioni anafunga ofisi. Programu inayoanzia hapo huwa imeshapata nusu ya majibu kabla ya mstari wa kwanza kuandikwa.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Wakati huo huo serikali ilikuwa inajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, nao ukapita Iringa na Mbeya kuelekea mpakani Tunduma. Bei ya bando ilishuka, na vyuo vikaanza kuachana na madishi. Darasani nililiona badiliko hilo kwa macho: wanafunzi waliokuwa wakigawana kitabu kimoja cha Java kilichotolewa kopi mara nyingi mpaka herufi zikafifia, sasa walikuwa wanatazama masomo ya video na kuuliza maswali nisiyokuwa na majibu yake. Nilifurahi. Mwalimu anayetaka nchi yake iende mbele lazima aombee siku ya namna hiyo.

Nyota, namba, reli

Aprili 2008 Vodacom ilileta M-Pesa Tanzania, mwaka mmoja baada ya Safaricom kuianzisha Kenya. Tigo na Airtel nao wakaja na huduma zao, na baadaye Halotel. Ndani ya miaka michache kila mtu alijua kwa moyo namba za huduma hizo: nyota 150 nyota 00 reli kwa M-Pesa, nyota 150 nyota 01 reli kwa Tigo Pesa, nyota 150 nyota 60 reli kwa Airtel Money. Bibi asiyesoma gazeti aliweza kupita kwenye menyu hiyo gizani.

Menyu hiyo ndiyo jukwaa kubwa kuliko yote lililowahi kufika mikoa yetu, na ninataka vijana walione hivyo. Halihitaji simu janja. Halihitaji bando. Ujumbe mmoja wa menyu hauzidi herufi 182, na mazungumzo yakichelewa kidogo yanakatika, kwa hiyo mwandishi analazimika kufikiri kwa ufupi: swali moja, majibu machache, hatua inayofuata. Wanafunzi wangu waliojifunza kubana kazi nzima ndani ya herufi hizo wakawa waandishi bora hata walipohamia kwenye Android.

Lakini mlango wa jukwaa hilo ulikuwa mwembamba. Namba fupi inatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Ukiwa nayo bado unapaswa kuunganishwa na kila kampuni ya simu, moja baada ya nyingine, kwa mikataba, ada na vikao. Ofisi za kufanyia mikataba hiyo zilikuwa Dar es Salaam. Kijana wa Uyole mwenye wazo zuri alipaswa kupanda basi usiku, alale kwa ndugu, aketi mapokezi asubuhi nzima, kisha aambiwe apitie kampuni ya kati ambayo nayo ina ada yake. Mmoja wa wanafunzi wangu alifuatilia uunganisho huo kwa kampuni moja mpaka akiba yake ya boda boda ikaisha. Hakukataliwa. Aliambiwa asubiri, na subira ina bei ambayo mtu wa mshahara haioni.

Kampuni zenyewe ziliweza kufanya yale waliyoshindwa vijana. Mwaka 2012 Tigo ilianzisha Tigo Kilimo, huduma ya hali ya hewa, bei za mazao na ushauri wa kilimo kwa njia ya menyu. Ilikuwa huduma ya maana na wakulima waliihitaji. Ila ilionyesha nani anaweza kujenga juu ya jukwaa hilo na nani hawezi. Mwenye mnara alijenga. Aliyezaliwa shambani, anayejua kwamba mahindi ya mwinuko wa Umalila hayapandwi wakati mmoja na ya bonde la Usangu, alibaki mtumiaji.

Kuna jambo jema lazima nilitaje. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walikubaliana wateja wao waweze kutumiana fedha kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na Vodacom ikaingia mwaka 2016. Tanzania ilitangulia nchi nyingi kwa hilo. Kwa mtengenezaji mdogo maana yake ilikuwa kubwa: mteja wa laini yoyote aliweza kumlipa kwenye laini yake moja. Fedha ile ambayo haikupata njia ya kurudi kwa mwandishi wa kikokotoo sasa ilikuwa na njia.

Chumba, umeme na meza

Kati ya mwaka 2011 na 2016 ulikuwapo mradi wa TANZICT, ushirikiano wa Finland na Wizara ya Mawasiliano, Sayansi na Teknolojia. Ndio uliosaidia kuanzisha Buni, kituo cha ubunifu kilichokaa kwenye jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), eneo la Sayansi, Dar es Salaam. Nairobi walikuwa wameshatangulia na iHub yao mwaka 2010, na mwako wake ulifika kwetu pia. TANZICT haukuishia Dar es Salaam. Ulinyoosha mkono mpaka mikoani. Iringa wakapata RLabs, tawi la mtindo ulioanzia Bridgetown, kitongoji cha Cape Town ambako Marlon Parker aliwafundisha kompyuta vijana waliokuwa wamezongwa na magenge na dawa za kulevya. Iringa hiyo hiyo ikapata pia Kiota Hub.

Nimekaa kwenye vyumba hivyo. Watu wa nje wakivitembelea huuliza ni kampuni ngapi zimezaliwa. Naelewa kwa nini wanauliza, kwa kuwa fedha za watu zina hesabu. Lakini faida niliyoiona ilianza mahali pa chini zaidi. Kijana aliyepanga chumba kimoja Kihesa, anayegawana umeme wa luku na wapangaji wanne, alipata soketi isiyogombewa. Msichana ambaye nyumbani akionekana kwenye kompyuta mpakato anaambiwa ainuke akasonge ugali, alipata saa tatu za utulivu. Na wote wawili walimpata mtu wa tatu ambaye jana alikwama palepale walipokwama leo. Ukiandika programu peke yako katika mji ambao hakuna mwingine anayefanya hivyo, kosa dogo linakula wiki. Ukiwa na jirani linakula robo saa.

Vyumba hivyo pia ndimo nilimoona programu nyingi za kilimo zikizaliwa na kufa. Sababu za kufa zilikuwa nyingi, ila moja inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Vijana wawili walitengeneza programu ya bei za viazi mviringo. Ilikuwa nzuri kwa macho: unachagua soko, inakuonyesha bei ya gunia leo na juma lililopita. Nikawashauri waende sokoni kabla ya kuipeleka mbali zaidi. Tukaenda pamoja kwa mama mmoja anayenunua viazi vya Isyonje na kuvipakia kwenda Dar es Salaam.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Karibuni."

Wakamwonyesha simu. Akaitazama kwa makini, akavua miwani.

"Hii bei ni ya gunia lipi?"

"La viazi, mama."

"Wanangu, gunia lenye lumbesa au lisilo na lumbesa? Na lumbesa ya kichwa kimoja au viwili?"

Hawakuwa na jibu, na programu yao haikuwa na nafasi ya jibu hilo. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamepambana na lumbesa kwa miaka mingi, lakini shambani gunia bado linashonewa kofia juu na mkulima analipwa kama vile kofia haipo. Bei ya gunia isiyosema uzito haimwambii mkulima kitu. Programu iliyopaswa kumlinda ingempa mnunuzi namba ya kumnyamazishia.

Vijana wale walirudi wakaandika upya. Toleo la pili lilikuwa baya kwa sura: sehemu ya kuingiza kilo, sehemu ya kuingiza bei, na jibu la shilingi kwa kilo. Lilitumika. Yule mama aliwalipa kwa mkono wake ili wamtengenezee daftari la simu la kuandikia mizigo yake, akawapeleka kwa wenzake. Hapo ndipo walipoanza kula kwa jasho la kuandika programu, na hakukuwa na jopo la majaji mbele yao.

Jukwaa linapofungwa

Android ilipoenea ilionekana sasa milango yote imefunguka. Ada ya kujiandikisha kama mtengenezaji kwa Google ilikuwa dola 25, mara moja tu maishani. Ukiwa Dar es Salaam hizo ni fedha za chakula cha mchana cha marafiki watatu. Ukiwa mwanafunzi wa mkopo Iringa, tatizo lilikuwa dola zenyewe na pia kadi ya benki inayokubali malipo ya mtandaoni, miaka mingi kabla kadi pepe za kwenye simu hazijawa jambo la kawaida. Wengi waliomba kadi ya mjomba au ya mhadhiri. Programu zikapanda dukani kwa jina la mtu mwingine, na mzozo ulipotokea, mwenye jina ndiye alikuwa mwenye mali.

Tarehe 16 Juni 2016 TCRA ilizima simu bandia nchi nzima. Kwa usalama wa mtandao lilikuwa jambo la haki. Kwa watengenezaji wetu ilikuwa siku ya kujifunza kwamba mtumiaji wa Nyanda za Juu hashiki simu ileile inayoonekana kwenye vitabu. Baadhi ya waliozimiwa walirudi kwenye vitochi, simu za vitufe zenye tochi na betri la siku kadhaa, na programu za Android zikapoteza watu wake.

Ndiyo maana KaiOS ilipokuja niliipokea kwa matumaini. Chimbuko lake lilikuwa Firefox OS, mfumo wa simu wa Mozilla uliotoka mwaka 2013 kwa ahadi kwamba anayejua kutengeneza ukurasa wa wavuti anaweza kutengeneza programu ya simu. Mwishoni mwa 2015 Mozilla ilitangaza kuachana na simu hizo. Kazi haikupotea; ikageuzwa kuwa KaiOS, ikaingia kwenye simu za vitufe. India ikaipokea kwa mamilioni kupitia JioPhone mwaka 2017. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania ikaleta Smart Kitochi na Tigo nayo ikaleta kitochi chake cha 4G, kwa bei ya karibu shilingi 50,000. Kitufe, tochi, betri linalodumu, na ndani yake WhatsApp. Kwa mkulima wa Mbarali ilikuwa simu iliyojua maisha yake.

Wanafunzi wangu waliandika programu za KaiOS kwa bidii. Lugha walizozijua tayari, HTML na JavaScript, zilitosha. Walijifunza kufikiri kwa vitufe vya juu, chini na katikati, na kwa kumbukumbu ndogo ya simu. Lakini simu za Android za Itel na Tecno zikaendelea kushuka bei, na kitochi janja kikabanwa kati ya kitochi cha kawaida na Android ya bei nafuu. Mwaka 2024 WhatsApp ikaacha kupatikana kwa upakuaji mpya kwenye KaiOS, na bila WhatsApp sababu ya kuinunua ikaondoka. Kazi ya vijana ikabaki kwenye duka ambalo watu hawaingii tena.

Sisemi Mozilla au KaiOS walitudanganya. Walijaribu jambo jema, na jukwaa lolote linaweza kufungwa na watu walio mbali kwa sababu zao za haki kabisa. Ninachosema ni kwamba mtu wa Mbeya hawezi kuweka maisha yake yote kwenye uamuzi unaofanywa mahali asipoweza kufika hata kwa barua.

Mcheza kwao

Miongoni mwa wanafunzi wangu ni binti wa Mbozi, mtoto wa wakulima wa kahawa. Alianza kama wengine, kwa simu ya vitufe na kitabu cha kopi. Alipokuwa mwaka wa pili chama cha msingi cha ushirika cha kijijini kwao, AMCOS, kilikuwa na ugomvi wa daftari: mkulima anasema alileta kilo fulani, karani anasema pungufu. Aliwaandikia programu ya kwenye kompyuta ya ofisi, na modemu ya laini ikawa inamtumia kila mkulima ujumbe mfupi wa kilo zake palepale kwenye mzani. Wajumbe walikaa kikao, wakabishana, wakakubali kumlipa kwa msimu.

Tangu hapo majukwaa yamebadilika mikononi mwake. Kazi ilihamia kwenye simu ya Android ya karani, inayofanya kazi bila mtandao na kutuma ujumbe mnara ukipatikana. Mwaka 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu na wakulima wakarudi kwenye fedha taslimu, alibadilisha sehemu ya malipo mara moja, kwa sababu katibu alimpigia simu siku ileile. Vyama vya jirani vikamwita. Hajawahi kushinda shindano lolote na sidhani kama amewahi kuwa na muda wa kushindana. Ameajiri vijana, wote wa huko huko, na wanajua kahawa.

Nikilinganisha maisha yake na ya mwandishi wa kikokotoo, vipaji vyao vilikuwa sawa. Niliwafundisha wote wawili, kwa hiyo naweza kusema hivyo bila kuogopa. Mmoja alikuwa na watumiaji wengi lakini hakuwa na mteja. Mwingine alikuwa na mteja mmoja, kikao cha wazee chenye muhuri wa mpira na kitabu cha stakabadhi. Majukwaa yalipokuja na kuondoka, mteja alibaki, na mteja ndiye aliyembeba kutoka jukwaa moja hadi lingine.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Katika kazi yetu tuzo hiyo imekuwa ikichelewa. Tangu mwaka 2019 tuna MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya ubunifu, na nayaunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa yamewaonyesha wazazi wengi kwamba kazi hii ni kazi. Lakini baada ya picha na hundi, kijana anarudi Mafinga au Tukuyu, na pale nyumbani shule inanunua mfumo wa ada kutoka mbali, hospitali ya misheni inanunua mfumo wa mafaili kutoka mbali, na halmashauri inatangaza zabuni yenye masharti ambayo kampuni ya mwaka mmoja haiwezi kuyatimiza hata ikiwa kazi yake ni bora.

Kwa hiyo ombi langu nalielekeza kwa walio karibu, nao wanajulikana. Ni mkuu wa shule binafsi ya Iringa anayelalamika kuhusu madeni ya ada. Ni meneja wa SACCOS ya Rungwe, mwenye kiwanda cha mbao Mufindi, mwenyekiti wa AMCOS, daktari wa zahanati. Mwiteni kijana wa mjini kwenu, mpeni tatizo moja dogo, mwandikieni mkataba wa ukurasa mmoja, mlipeni kwa wakati, na mumwambie ukweli kazi isipofaa. Kampuni za simu nazo zifungue madirisha yao Mbeya na Iringa kwa ajili ya watengenezaji, kama zilivyofungua ya kuuzia laini, ili uunganisho wa menyu usihitaji safari ya usiku kwenda Dar es Salaam. Vyuo viendelee kuacha vyumba wazi jioni, na umeme uwepo.

Jukwaa jipya litakuja tena. Sijui litaitwaje wala litatoka nchi gani. Likifika, kijana mwenye mteja Vwawa au Ilula atajifunza lugha yake kwa miezi michache, kwa sababu kuna mtu anayemsubiri amalize.